Iliki imestawi lakini haizai: mwongozo kamili wa kuipanda Unguja na Pemba

Malalamiko huja kwa sura tatu. Kuna aliyezika mbegu na mpaka leo anaangalia udongo mtupu. Kuna aliyepata mche mzuri ukashika, kisha kaskazi ilipoingia majani yakababuka kuanzia nchani. Na kuna kundi kubwa kuliko yote: kichaka kimejaa, majani yamempita mwenyewe kimo, akiyafikicha yananukia, lakini miaka inapita na hajapata hata punje moja ya kutia kwenye chai.

Wote hao wanailea iliki kama zao la konde. Wanaipa jua, wanaizika ndani, wanapalilia chini mpaka ardhi inang'aa. Iliki haitaki hayo. Kwao ni chini ya misitu ya milima ya kusini magharibi mwa India, mahali ambapo mvua hunyesha miezi mingi, jua hufika ardhini kwa madoa tu, na udongo hauonekani kwa wingi wa majani yaliyooza. Kazi yako ni kutengeneza kipande kidogo cha msitu nyuma ya nyumba. Mengine yote katika mwongozo huu yanatoka hapo.

Jambo moja tukubaliane mapema. Kwao iliki hupendelea nyanda za mita 600 hadi 1,500 juu ya bahari, na bara hustawi sana Usambara kwa sababu hiyohiyo. Visiwani hatuna kilima kinachofika hata mita 200. Kwa hiyo iliki yetu huzaa, ila huzaa kwa haya. Vichaka vinne vitano vilivyotunzwa vitakupa chupa ya jikoni ya pilau, chai na mkate wa kumimina. Anayepiga hesabu za magunia atafute zao jengine.

## Vya kuwa navyo kabla ya kushika jembe

- Kivuli kilichokwisha kusimama: mti au miti yenye majani ya wastani. Usipande iliki kwa kutarajia mti utakaokua baadaye.
- Tunguu, yaani kile kigogo cha chini kinachofanana na cha tangawizi, likiwa na angalau shina moja lililokomaa na chipukizi moja changa.
- Samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza vizuri, ndoo moja kwa kila shimo.
- Udongo mweusi wa juu, ule unaopatikana chini ya miti mikubwa.
- Majani makavu, mapakacha matano au sita kwa kila shimo, na mengine ya kuongeza mwaka mzima.
- Vijiti vifupi vya kuchomeka ardhini na kamba ya usumba, za kushikizia mche.
- Shuka jeupe, na siki au ndimu. Sababu utaiona.
- Jembe, kisu kikali, na maji yasiyo na chumvi: ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki kwa kila kichaka wakati wa ukame.

Kama maji hayo huna uhakika nayo, anza na kichaka kimoja tu. Kimoja kilichoshiba kitakufaa kuliko sita vyenye kiu.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni iliki kweli

Wengi wanaongojea punje wanangojea kwenye mmea usio wenyewe. Ukoo wa tangawizi una mimea mingi ya mapambo, na mmojawapo, wa jenasi ya Alpinia, majani yake hunukia iliki kabisa. Huuzwa na kupeanwa kwa jina la iliki, hustawi hata pasipo kulelewa, na hautakupa iliki hata ukiungojea maisha. Iliki ya chai jina lake la kitaalamu ni Elettaria cardamomum.

Namna ya kutofautisha ni kuangalia maua yanatokea wapi. Mmea wa mapambo hutoa maua juu, kwenye ncha ya shina lenye majani. Iliki yenyewe hutoa maua chini: kikonyo chembamba huchomoza kwenye kitako cha shina, kikatambaa juu ya ardhi au kusimama kidogo, na maua madogo meupe yenye michirizi ya zambarau hufunguka juu yake.

Basi usichukue tunguu kwa mtu ambaye hajawahi kuona maua ya kichaka chake. Omba kwa aliyekwisha kuchuma. Kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani, Kindichi na Dole utaviona vichaka vya iliki vyenyewe. Inama, funua majani makavu, tazama vikonyo vilivyolala chini. Ukishaviona mara moja hutodanganywa tena.

Ukiagiza kutoka bara, pitisha mimea kwenye ukaguzi bandarini. Matunguu yaliyofichwa ndani ya kapu la matunda ndiyo njia ya haraka ya kuingiza maradhi kisiwani, na hayo hayatobaki kwako peke yako.

Mafanikio hapa: umeona kwa macho yako kikonyo cha maua chini ya kichaka mama.

## Hatua ya 2: Uulize udongo

Iliki inataka udongo wenye uchachu kidogo, laini, unaoshika unyevu lakini usiotuama maji. Upande wa magharibi wa Unguja na vilima vya mikarafuu vya Pemba vina udongo wa namna hiyo. Udongo uitwao kinongo, ukiwa na majani yaliyooza juu yake, ni mzuri sana. Uwanda wa mawe ya matumbawe, kama wa Makunduchi, Paje au Micheweni, ni habari nyingine. Chokaa iliyomo humo huuzuia mmea kula chuma, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani.

Fanya majaribio mawili, na yote ni ya bure.

Kwanza, chukua konzi ya udongo mkavu, mimina siki au kamulia ndimu, kisha tega sikio. Ukisikia mchemko au ukiona povu, chokaa ipo. Hapo usipande ardhini. Tafuta pipa lililokatwa nusu, toboa matundu mengi chini, ujaze udongo mweusi wa shamba uliochanganywa na samadi, na ulee iliki humo chini ya kivuli. Itaishi vizuri, maji tu itayataka mara nyingi zaidi.

Pili, chimba shimo la kina cha futi moja, ulijaze maji jioni. Asubuhi yakiwa bado yamo, mahali hapo ni pa mpunga. Sogea juu kidogo, au inua tuta la nusu futi.

Tahadhari kuhusu majivu. Wengi wetu tumezoea kumwaga majivu ya jikoni kwenye kila mti wa uani. Majivu hupunguza uchachu wa udongo, na iliki inauhitaji. Yapeleke kwenye mboga.

## Hatua ya 3: Kipime kivuli kwa shuka

Hapa ndipo wengi wanapokosea pande zote mbili. Kwenye jua kali majani huungua na mmea hudumaa. Kwenye giza totoro chini ya mwembe mkubwa mmea hurefuka, hulala, na hautoi vikonyo. Wale wenye kichaka kizuri kisichozaa, wengi wao tatizo liko hapa: giza limezidi.

Siku ya jua, saa sita mchana, tandika shuka jeupe mahali unapotaka kupanda. Litazame. Unataka lionekane madoadoa, kivuli na mwanga vikigawana karibu sawa, kivuli kikizidi kidogo. Likiwa jeupe lote, mahali hapo hapafai bado. Likiwa limefunikwa lote, punguza matawi ya chini ya mti mpaka madoa yaonekane. Rudia kipimo hicho Januari au Februari, kwa sababu jua la kaskazi halina huruma na hupita pembe tofauti na la Julai.

Miti mizuri ni mglirisidia, mfenesi usiojaa sana, mdalasini na mkungumanga. Mglirisidia ndio ninaoupenda zaidi: unaukata utakavyo, unachipua tena, na majani yake ni chakula cha udongo.

Mkarafuu nao hutoa kivuli kizuri, na Pemba ndio mti utakaokuwa nao. Ila ukumbuke msimu wa kuchuma. Wachumaji watakuja na ngazi na kamba, watoto wataokota mpeta, yaani karafuu zilizoanguka chini, na vikonyo vya iliki vinalala palepale wanapokanyaga. Ukipanda chini ya mkarafuu, kaa upande mmoja wa mti na uache njia ya wazi upande wa pili, au zungushia vijiti.

Mnazi peke yake hautoshi. Kivuli chake ni chepesi na kinahama, na kuti au nazi ikianguka juu ya kichaka inavunja mashina ya mwaka mzima. Mvinje na mkaratusi epuka kabisa, hunyonya maji yote.

Migomba inafaa kama kivuli cha muda. Majimbi yasikaribie: India kuna ugonjwa wa virusi uitwao katte unaoipa iliki majani ya michirizi na kuidumaza mpaka ife, na hubebwa na vidukari ambao hupenda kuishi kwenye majimbi. Dawa ya kuuponya haipo. Ukiona michirizi ya kijani hafifu ikifuata mkondo wa jani kutoka katikati kwenda pembeni, ng'oa kichaka chote na ukichome.

Kama huna mti kabisa, simamisha nguzo nne na kichanja cha makuti yaliyotandazwa kwa nafasi, urefu wa mita mbili na zaidi. Si sura ya kupendeza, lakini kinafanya kazi mpaka mglirisidia wako ukue.

## Hatua ya 4: Tunguu au mbegu?

Tunguu. Labda kama huna pa kulipata.

Tunguu huzaa mapema, mara nyingi kuanzia mwaka wa pili, na unajua mama yake alikuwaje. Mche wa mbegu hukutaka ungoje mpaka mwaka wa tatu au zaidi. Tena mbegu ya iliki hufa upesi ikikauka. Zile punje za dukani, zilizokaushwa kwa joto na kukaa ghalani miezi, usizipande. Hapo ndipo lilipo jibu la yule anayeangalia udongo mtupu.

Ukilazimika kutumia mbegu, pata tunda lililoiva kichakani, lililoanza kuwa manjano. Lipasue, zisugue mbegu kwa mchanga na maji mpaka ule ute utoke, kwa sababu ute huo huzuia kuota. Panda siku hiyohiyo au ndani ya wiki, kina cha sentimita moja, kwenye boksi la udongo mwepesi lililofunikwa makuti. Maji kila siku, kidogokidogo. Kuota huchukua mwezi hadi miezi miwili, nyingine huchelewa zaidi, kwa hiyo usiumwage udongo kwa hasira. Konokono hupenda sana miche hiyo; waokote usiku kwa tochi. Miche hukaa kitaluni mwaka mmoja au zaidi kabla ya kuatikwa.

Kulikata tunguu, chagua kichaka chenye afya kilichokwisha kuzaa. Fukua pembeni, using'oe chote. Kata kwa kisu kikali kipande chenye shina kubwa na chipukizi. Punguza majani ya shina kubwa kwa nusu ili yasipoteze maji. Kiache kidonda kivulini nusu siku kikauke, kisha panda. Tunguu lililokaa siku tatu kwenye mfuko wa plastiki juani usilipe ardhi yako.

## Hatua ya 5: Chimba kwa upana, panda juujuu

Wakati ni masika, mwishoni mwa Machi au Aprili, mvua za mwanzo zikishailowesha ardhi. Mche unapata miezi miwili ya maji ya bure kisha baridi ya kipupwe kabla haujaonja ukame. Vuli pia inawezekana Pemba kwenye mvua nyingi zaidi, lakini unaupeleka mche mchanga moja kwa moja kwenye jua la Januari. Siipendekezi.

1. Chimba shimo la upana wa futi mbili kwa mbili, kina futi moja na kidogo. Kutoka shimo hadi shimo acha mita mbili.

2. Changanya udongo mweusi na ndoo ya samadi, ujaze shimo lote mpaka lipite usawa wa ardhi kidogo. Ndiyo, lote. Shimo hilo ni la kulainisha ardhi, si la kuzikia mmea. Mizizi ya iliki hutafuta chakula karibu na uso wa ardhi, pale majani yanapooza, na haiendi mbali chini.

3. Kwa mkono fukua kidogo juu ya ule udongo uliojaza. Laza tunguu, chipukizi likiangalia juu, ulifunike udongo wa unene wa vidole viwili tu. Pale shina linapokutana na tunguu pawe sawa na uso wa ardhi.

4. Chomeka kijiti kando, ufunge shina kubwa kwa kamba ya usumba bila kukaza. Upepo wa kusi ukilitikisa shina, mizizi mipya hukatika.

5. Mwagilia polepole mpaka udongo utulie.

Ukizika kwa kina cha muhogo, tunguu litaoza. Unalitambua kwa shina kulegea chini, kutoa harufu mbaya, na kung'oka ukilivuta kidogo. Ukiona hivyo fukua haraka, kata sehemu yote laini, anika tunguu kivulini siku moja, ulipande mahali pengine pakavu zaidi.

Mafanikio hapa: ndani ya wiki sita hadi nane chipukizi jipya limechomoza ardhini. Shina kubwa la zamani likikauka usihuzunike. Lilikuwa la kubebea tu.

## Hatua ya 6: Tandaza majani, na ufiche ufagio

Hatua hii wengi huiruka, na kwa maoni yangu ndiyo inayoamua.

Uani kwetu ni fahari kufagia. Asubuhi na mapema ufagio wa njiti umeshapita mpaka chini ya mfenesi, na majani yamekusanywa pembeni yakachomwa. Uwanja unapendeza, na iliki inakufa kimyakimya. Ufagio unaondoa kifuniko kilichokuwa kinashika unyevu, unakwangua mizizi midogo ya juu, na msimu wa maua unavunja vikonyo vilivyolala chini kabla mwenyewe hajajua kama vipo. Nyumba nyingi zenye kichaka kizuri kisichozaa, ukiuliza nani anafagia, utapata jibu.

Kwa hiyo weka mpaka unaoonekana. Panga mawe au makumbi ya nazi duara, mita moja kutoka kichakani, na umwambie kila mtu wa nyumbani kwamba ndani ya duara hilo ufagio hauingii. Mwambie bibi kwa heshima na umweleze sababu, vinginevyo ukirudi kutoka sokoni utakuta pamesafishwa.

Ndani ya duara tandaza majani makavu unene wa sentimita kumi. Ya mfenesi, mglirisidia na mgomba ni mazuri. Ya mwembe huchelewa kuoza, changanya. Makumbi ya nazi yaliyokaa pwani yana chumvi, yaloweke na uyasuuze kwanza au uyaache. Yaongeze kila yanapopungua, hasa mwisho wa masika na kabla ya kaskazi.

Acha upana wa kiganja bila majani kuzunguka mashina yenyewe. Majani yakirundikwa shingoni mwa mmea wakati wa mvua, ndipo uozo unapoanzia. Na vikonyo vikianza kutoka, visogezee majani chini yake ili vilale juu ya kitanda kikavu, visifukiwe ndani.

Kuku ni ufagio wenye miguu. Watapekua duara lote kwa asubuhi moja. Wavu, vijiti vya makuti, au miiba, tumia ulichonacho.

Mafanikio hapa: siku ya tatu bila mvua, ingiza kidole chini ya majani. Udongo una unyevu, ni mweusi, na unaona minyoo na nyuzi nyeupe za mizizi zikiingia kwenye majani yaliyooza.

## Hatua ya 7: Maji na chakula

Masika na vuli mvua inatosha. Kipindi cha hatari ni Januari na Februari, kisha ule ukavu wa kuanzia Juni, ambao watu husahau kwa sababu hewa ni ya baridi. Ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki, jioni, imwagwe polepole juu ya majani yaliyotandazwa. Mmea uliokaukiwa kipindi vikonyo vinarefuka hautozaa mwaka huo, hata ukiumwagia baadaye.

Visima vya karibu na pwani vionje kwanza. Maji ukiyaona yana chumvi mdomoni, iliki itayajua kabla yako: kingo za majani hukauka rangi ya kahawia. Kukinga maji ya mvua kwenye mapipa kunasaidia sana hapa. Maji ya kuoshea mchele na mboga ni mazuri. Ya kufulia yenye sabuni hapana.

Kabla ya masika mpe kila kichaka ndoo ya samadi iliyooza, itandazwe juu ya ardhi chini ya majani, bila kuchimba. Rudia nusu yake kabla ya vuli. Samadi ya kuku iwe imekaa miezi, ikiwa mbichi inaunguza.

Wakati huohuo kata mashina yaliyokauka kabisa, karibu na ardhi. Mabichi yaache hata kama yanaonekana mengi, kwa sababu vikonyo hutoka kwenye kitako cha mashina yaliyokwisha kukomaa. Kuna wanaopunguza kichaka ili kipendeze, kumbe wanakata mavuno.

## Hatua ya 8: Maua na nyuki

Kikonyo huchukua miezi kurefuka kabla ua la kwanza halijafunguka, halafu maua hufunguka machache machache kwa kipindi kirefu. Kila ua huishi siku moja tu. Hufunguka alfajiri, na likipita bila mdudu linaanguka.

Ua la iliki lina uwezo wa kujizalisha lenyewe, lakini kwa jinsi lilivyoumbwa chavua haifiki mahali pake bila kubebwa. Mbebaji ni nyuki. Basi usipulize dawa ya wadudu kwenye miti ya jirani asubuhi, na kama kuna mzinga karibu usiuchome moto kwa hofu.

Kama nyuki hawaji, fanya mwenyewe. Wanaochavusha vanila kwa mkono wataona ni kazi ileile. Kati ya saa moja na saa nne asubuhi, chukua kijiti chembamba kilichochongwa laini, kiguse kwenye unga wa chavua, kisha ukipitishe kwenye kile kitundu kidogo kilichochomoza juu kidogo ya chavua. Kwa vichaka vichache haikuchukui muda.

Mafanikio hapa: siku chache baadaye ua limeanguka na kimebaki kitunda cha kijani kinachovimba. Kikianguka nacho, angalia maji kwanza, kisha joto na kivuli.

Matunda yakitokea na makovu mabaya ya kahawia kwenye ganda, hao ni wadudu wadogo sana waitwao thiripsi. Kwa matumizi ya jikoni harufu na ladha bado zipo, kwa hiyo mimi siwasumbui. Panya ndio wa kuwasumbua.

## Hatua ya 9: Kuchuma na kukausha

Tangu ua kuanguka mpaka tunda kuwa tayari ni miezi mitatu hadi minne. Hayaivi pamoja. Utapita kichakani kila baada ya wiki mbili au tatu na kuchuma yaliyo tayari tu.

Usingoje yawe manjano. Hayo ni ya mbegu. Tunda la kukausha linakuwa limejaa, gumu, kijani kilichoanza kupauka. Pasua moja kabla ya kuchuma mengine. Mbegu zikiwa nyeupe, ni changa, ngoja. Zikiwa nyeusi au kahawia iliyoiva na zinanukia ukizibana, chuma. Kata kwa mkasi mdogo, usivute, maana kikonyo hichohicho bado kina maua na matunda mengine.

Kukausha visiwani ni kazi kwa sababu ya unyevu wa hewa, na ndio maana watu huharakisha wakaanika juu ya bati juani. Jua kali huondoa rangi ya kijani, hupasua ganda, na mafuta yenye harufu hutoroka. Osha matunda, yafute, yatandaze safu moja kwenye ungo, ufunike kitambaa chepesi cheupe, uweke mahali penye upepo na joto lakini kivuli: chini ya paa la bati, au baraza inayopitisha hewa. Geuza kila siku. Usiku ingiza ndani, maana umande unakurudisha nyuma. Siku za mawingu, oveni iliyozimwa baada ya kuoka mkate inafaa, mlango ukiwa wazi kidogo na joto la kuvumilika kwa mkono.

Yakikauka yanapungua sana: kilo tano mbichi hutoa takriban kilo moja. Kipimo ni sikio. Tikisa tunda karibu na sikio, ukisikia mbegu zinagonga ganda, tayari. Bonyeza pia kwa kucha. Ganda likizama badala ya kukwaruza, rudisha ungoni.

Weka kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, kabatini pasipo mwanga, mbali na jiko. Fungua baada ya wiki moja uangalie kama kuna jasho ndani ya kioo. Likiwepo, anika tena siku mbili kabla ukungu haujaanza. Yaliyopasuka yatoe pembeni uyatumie kwanza, kwenye kahawa au kaimati, na maganda matupu uyatie kwenye birika la chai.